Protoni hazitoki, au zinatoka kichovu: namna ya kumtafuta mchawi kwenye leza ya kurusha ioni

Hii ni kwa wale walio kwenye chemba ya leza au wanaelekea huko, wana mashine ya terawati mia hivi, ile ya taitani-safaya, nanomita 800, femtosekunde 30, wanapiga foili ya alumini au titani na walichotegemea kukiona upande wa pili hakionekani, au kinaonekana kwa kulazimisha macho. Nimepanga kwa dalili manake ndo unavokutana nazo, hakuna anayeamka asubuhi akasema leo kontrasti yangu mbovu (kontrasti ni kipimo cha usafi wa mpigo, nitaieleza chini), mtu anaamka anasema jana tulikuwa na MeV 20 (MeV ndo kipimo cha nishati ya protoni) leo tuna 9, kulikoni.

Kwanza tuwekane sawa kwenye kitu kimoja. Leza haisukumi protoni. Kwa ukali tunaofikia, 10^20 mpaka 10^21 W/cm², protoni bado ni nzito mno kutikiswa na mwanga moja kwa moja, anayetikiswa ni elektroni. Kuanzia kama 10^18 W/cm² elektroni inakaribia kasi ya mwanga ndani ya mzunguko mmoja tu wa wimbi, inapenya foili, inatokea nyuma, inataka kukimbia ila foili iliyobaki na chaji chanya inairudisha, kwa hiyo mabilioni kwa mabilioni ya elektroni yanabaki yametanda nyuma ya foili, utando wa mikroni chache tu. Kati ya utando na uso wa foili panazaliwa uga wa umeme wa volti trilioni kwa mita, na huo ndo unaochomoa protoni kwa pembemraba na uso wa nyuma. Wenyewe wanaita TNSA, kifupi cha target normal sheath acceleration, yaani kusukuma kwa utando, pembemraba na shabaha. Mwaka 2000 kule Livermore, Marekani, leza ya petawati iliyojengwa kwenye mfumo wa NOVA ilitoa protoni za mpaka 58 MeV kwa njia hii, na hata foili za dhahabu zilitoa. Sasa dhahabu ina hidrojeni gani? Haina. Protoni zinatoka kwenye uchafu, yaani unyevu na mvuke wa mafuta uliojibandika juu ya foili.

Ukishika hilo utaona dalili nyingi hapa chini zinarudi kwenye swali moja: uso wa nyuma ulikuwa na hali gani muda mfupi kabla mpigo mkuu haujafika? Na ndo maana mimi mtu akija na tatizo la nishati ndogo halafu wazo lake la kwanza ni kuongeza jouli kwenye amplifaya, namwambia atulie kwanza.

Hakuna protoni kabisa

Usianze na fizikia, anza na vitu vya kijinga. Foili ipo kweli? Mfyatuo uliopita unatoboa foili na mara nyingi unaipasua ya jirani pia, unahamia nafasi mpya unapiga hewa, yaani unapiga vakyumu. Kamera ya kuangalia shabaha iwashwe kila mara kabla ya kufyatua, sio kila baada ya mifyatuo kumi.

La pili ni mwelekeo. Watu wanapanga spektromita kwenye mstari wa leza kwa mazoea, wakati leza inaingia kwa nyuzi 45 na protoni zinafuata pembemraba ya uso wa nyuma. Tundu la Thomson parabola (spektromita inayotenganisha ioni kwa sumaku na umeme) lina kipenyo kama cha robo milimita, liko nusu mita au mita nzima kutoka kwenye foili, kwa hiyo ukikosea nyuzi moja kuelekeza, pale kwenye tundu umekosea karibu sentimita au zaidi. Protoni za nishati ya juu ndo zinatoka kwenye koni nyembamba kuliko zote, kwa hiyo ukipotoka unazipoteza zile zile ulizozifuata.

Kipimo cha kuamua ni filamu za RCF, zile zinazobadilika rangi zikipigwa na mionzi bila kusafishwa kwa dawa. Panga rundo, funika na foili ya alumini ya jikoni kuzuia mwanga, weka sentimita 4 au 5 nyuma ya shabaha, piga mara moja. Kama kuna doa la duara kwenye filamu, protoni zipo na mwenye kosa ni spektromita: tundu, sumaku, au MCP (bamba linalokuza ishara ya ioni) haijapewa volti zake kwa sababu geji ya vakyumu imeifungia. Kama filamu ni safi kabisa, hapo sasa rudi kwenye fokasi na foili.

Zipo, ila nishati ni ndogo

Hapa ndo kwenye mambo, na hapa nitakaa.

Leza halisi haitoi mpigo mmoja msafi. Kabla ya mpigo mkuu kuna mwanga dhaifu unaovuja kutoka kwenye amplifaya kwa nanosekunde nzima au zaidi, kuna vimpigo vidogo vidogo, alafu pikosekunde chache za mwisho kuna mteremko unaopanda taratibu. Ukisikia kontrasti ni 10^7 maana yake ule mwanga wa kuvuja ni dhaifu mara milioni kumi kuliko kilele. Inasikika vizuri mpaka uipigie hesabu: kilele cha 10^20 ukigawa kwa 10^7 unabaki na 10^13 W/cm², na mwanga wa 10^12 au hata chini ya hapo, ukikaa nanosekunde nzima, unatosha kabisa kugeuza uso wa chuma kuwa plazma. Kwa hiyo mpigo mkuu ukifika, badala ya kukuta ukuta unakuta uji.

Upande wa mbele uji kidogo sio mbaya, wakati mwingine unasaidia hata foili kumeza nishati ya leza vizuri. Balaa liko nyuma. Ule mwanga wa kuvuja ukishachemsha mbele unatuma wimbi la mshtuko ndani ya foili. Sauti ya kawaida ndani ya alumini inaenda karibu mikroni 6 kwa nanosekunde na mshtuko unaenda kasi kuzidi hapo, kwa hiyo foili ya mikroni 2 inavukwa ndani ya theluthi ya nanosekunde. Mshtuko ukitokea nyuma, uso wa nyuma unaanza kutanuka, na ule uga wa volti trilioni unategemea uso uwe umekatika ghafla, pakiwa na mteremko wa msongamano uga unaporomoka na protoni zinasukumwa kivivu.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kifaa kipya: piga foili za unene tofauti bila kugusa kitu kingine. Mikroni 20, 10, 5, 2, na kama unazo za chini ya mikroni weka. Kama kila kitu kiko safi, nyembamba ndo inatakiwa kushinda, kwa sababu elektroni hazijatawanyika pembeni na zinarudi rudi mbele na nyuma zikiuongezea nguvu utando. Kama kwako nishati inapanda ukienda kwenye foili nene, au inapanda mpaka mikroni kadhaa alafu ukienda nyembamba inadondoka ghafla, basi tatizo lako limejitaja lenyewe. Kule Garching, Ujerumani, walishaonyesha mwaka 2004 kwamba unene bora wa foili unahama kufuatana na muda ambao ule mwanga wa kuvuja unakaa: ukikaa muda mrefu, foili bora inakuwa nene zaidi. Na mwaka 2007 kule Saclay, Ufaransa, wakiwa na vioo viwili vya plazma (vya kusafisha mpigo, nitavieleza chini) na kontrasti ya 10^10, walishuka mpaka foili ya nanomita 80, na protoni zikawa zinatoka mbele na nyuma kwa nishati zinazolingana. Hiyo nayo ni kipimo: ukiona upande wa mbele unatoa sawasawa na wa nyuma kwenye foili nyembamba, kontrasti yako iko vizuri.

Kuna dalili nyingine naipenda kuliko hata hiyo, ambayo watu wanaitupa kwenye takataka bila kuiangalia. Chukua rundo la RCF ulilopiga, tandaza filamu mezani kwa mpangilio, ya kwanza ni protoni za nishati ndogo, za mwisho ni za nishati kubwa. Weka rula. Kitovu cha doa kinatakiwa kikae sehemu ile ile filamu zote. Kama kinatembea, yaani kadri nishati inavyopanda doa linajivuta kuelekea upande wa mstari wa leza, maana yake uso wa nyuma umevimba na kuinama kabla ya wakati. Kundi la Lund, Sweden, lilieleza jambo hili mwaka 2005. Mfyatuo mmoja, rula moja, na umepata jibu.

Sasa umeshajua ni kontrasti, unaitibuje. Inategemea ule mwanga mchafu unautangulia mpigo mkuu kwa muda gani.

Ukiwa nanosekunde kabla, cheki muda wa seli za Pockels, yaani malango ya umeme yanayofungua na kufunga njia ya mwanga, mara nyingi lango linafunguka mapema kidogo kuliko linavotakiwa na kusogeza nanosekunde moja au mbili kunabadili mchezo.

Ukiwa makumi ya pikosekunde kabla na ni kimpigo chembamba kilichosimama peke yake, mtafute kioo bapa. Ipo hivi: lensi au dirisha lenye nyuso mbili sambamba linarudisha mwanga ndani kwa ndani na kuzaa mpigo wa nyuma, unaofuata baada ya mkuu. Wa nyuma hauna madhara, mbona umetuharibia? Kwa sababu kwenye amplifaya mipigo yote imenyooshwa mpaka inapandana, inaingiliana, na glasi ikishalemewa na ukali huo inageuza mwingiliano kuwa kimpigo kipya upande wa MBELE, karibu umbali ule ule wa muda. Kwa hiyo soma muda ulioandikwa kwenye grafu ya korileta (kifaa cha kupima kontrasti) na uupigie hesabu: glasi ya sentimita moja, kipeo cha kupinda 1.5, mwanga kwenda na kurudi ndani yake ni pikosekunde 100. Ya milimita moja ni 10. Una kimpigo kwenye pikosekunde 50 kabla, tembea na meza yote ukitafuta kipande cha glasi cha milimita 5, ukikipata weka chenye nyuso zisizo sambamba. Angalizo, korileta ya daraja la tatu yenyewe inadanganya, mpigo halisi wa nyuma unaacha kivuli upande wa mbele chenye ukubwa wa mraba wake, yaani wa nyuma ukiwa 10^-3 kivuli chake kinakuwa 10^-6. Ukiona namba mbili zinapatana kwa mraba hivo, usihangaike, hicho ni kivuli cha kifaa, hakipo kwenye leza.

Ukiwa ni ule mteremko wa pikosekunde za mwisho, hapo dawa kubwa ni kioo cha plazma. Glasi iliyopakwa dawa ya kuzuia mwanga usirudi, mwanga dhaifu unapita unaenda zake, mwanga mkali ukifika uso unageuka plazma na kurudisha kama asilimia 70. Kontrasti inapanda karibu mara mia au zaidi. Gharama yake unaiona, unalipa theluthi ya nishati na kila mfyatuo unahitaji sehemu mpya ya glasi, na bado nishati ya protoni inaweza kupanda kwa sababu sasa unaweza kutumia foili nyembamba. Watu wa bajeti huwa wanapata taabu kulielewa hili, kwamba umelipia jouli alafu unazitupa kwa makusudi.

Kontrasti nzuri, na bado

Basi ukali unaoudhani sio ukali ulionao. Mfano halisi: jouli 3 kwenye shabaha, femtosekunde 30, doa la mikroni 4. Ukigawanya juu juu unapata 8×10^20 W/cm² na ndo namba inayoandikwa kwenye slaidi. Ila ndani ya doa lile mara nyingi iko theluthi tu ya nishati au pungufu, iliyobaki imesambaa pembeni kwenye pete na mabaka, kwa hiyo ukweli ni kama 2.4×10^20. Na doa lenyewe ulilipima lini? Kwa kawaida linapimwa na boriti iliyopunguzwa nguvu, amplifaya ya mwisho haijapampiwa, wakati ikipampiwa kamili kristali inapata joto na kufanya kazi ya lensi, fokasi inahama. Kwa doa la ukubwa huo una nafasi ya mikroni 35 hivi kabla ukali haujashuka nusu, sio nafasi kubwa. Pima fokasi na amplifaya zote zikiwa zimewashwa, ukipunguza mwanga baada yake, na kioo kinachojikunja kirekebishwe katika hali hiyo hiyo.

Muda wa mpigo nao usiufanye dini. Wenzetu wa Dresden, Ujerumani, wameonyesha kwamba ukichezea kidogo fezi ya spektra, yaani mpangilio wa muda wa rangi ndani ya mpigo, mpigo ukawa sio mfupi kabisa na umepinda upande mmoja, protoni zinaweza kuongezeka nguvu kuliko kwenye mpigo mfupi wa kitabuni, kwa sababu unabadilisha ule mteremko wa mbele. Kwa hiyo zungusha greti za kompresa (vioo vya mistari vinavyoubana tena mpigo ulionyooshwa) kidogo kidogo ukiangalia protoni zenyewe, sio ukiangalia tu kifaa cha kupima mpigo. Ni hao hao mwaka 2024 waliripoti protoni za 150 MeV kutoka kwenye leza ya petawati DRACO, na ukikumbuka tiba ya saratani kwa protoni inatumia kama 70 mpaka 250 MeV utaelewa kwa nini watu hawalali.

Mfyatuo huu 18 MeV, unaofuata 7

Hii mara nyingi ni ufundi wa mikono. Foili ya mikroni 2 ikikunjamana inakuwa mbele mikroni 50 sehemu hii na nyuma mikroni 30 sehemu ile, na tumeshasema nafasi yako ni 35. Ibane kati ya bamba mbili zenye matundu, ivutike, na kila nafasi ipimwe peke yake kabla ya kupiga, usipime kona nne ukakadiria katikati. Kama foili ziko sawa na bado inaruka ruka, tafuta kinachotikisika: pampu ya vakyumu iliyofungwa moja kwa moja kwenye chemba, kiyoyozi kinachopuliza kwenye njia ya boriti.

Doa lina mistari na matundu

Kama unapiga plastiki au glasi ni kawaida, elektroni zinapata shida kupita kwenye kihami na zinajigawa kwenye nyuzi nyuzi. Chuma laini kinatoa doa tulivu. Kama ni chuma na bado lina mistari basi angalia uso wa nyuma kwa darubini, mikwaruzo ya mashine iliyobonda foili inajichora kwenye doa kama ilivyo.

Nataka kaboni, napata protoni

Protoni ndo nyepesi kuliko zote kwa chaji yake, zinatangulia, zinakula uga, ioni nzito zinabaki na makombo. Lazima uondoe uchafu wa hidrojeni na njia iliyozoeleka ni kupasha foili moto kwa umeme mpaka nyuzi mia kadhaa za Selsiasi, mwaka 2002 ilishaonyeshwa kwamba ukifanya hivo kaboni na florini zinapanda juu sana. Watu wanapokosea ni kupasha, kuzima, kusubiri leza iwe tayari, alafu kupiga. Kwenye vakyumu ya 10^-6 mbar tabaka zima la molekuli linajirudisha ndani ya sekunde chache tu, na chemba nyingi za leza ziko mara kumi mbaya zaidi ya hapo. Moto uwake mpaka sekunde ya kufyatua.

Na ukisoma Thomson parabola usiseme una C6+ kirahisi. Kifaa kinatenganisha kwa uwiano wa chaji na masi, C6+ (kaboni iliyopoteza elektroni zote sita), O8+ (oksijeni iliyopoteza zote nane) na ioni ya dutiri (hidrojeni nzito) zote zinalala kwenye mstari mmoja. Kama shabaha yako ina oksijeni, huo mstari una wenyewe wawili.

Ukifyatua tu, kompyuta inazima

Kamera zinaganda, mota za kusogeza shabaha zinasahau ziko wapi, na data ya mfyatuo mzuri kuliko yote ndo inapotea. Sio nuksi. Elektroni chache zenye nguvu sana zinafanikiwa kutoroka kabisa, foili inabaki na chaji chanya, na mkondo wa kuifidia unapanda kutoka ardhini kupitia kile kinguzo cha shabaha, kwa hiyo kinguzo kinakuwa antena inayorusha mawimbi ya gigahezi, na chemba ya chuma inayabakiza ndani yakigongana.

Badilisha kinguzo cha chuma uweke cha plastiki au kauri, hiyo peke yake inapunguza sana. Kila waya unaotoka kwenye chemba uvishwe ferati (pete ya sumaku inayomeza mawimbi hayo), ishara muhimu zitoke kwa faiba, na kompyuta ya kurekodi ikae ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kweli kweli, tundu la kupitishia kebo lenye upana wa sentimita kadhaa linatosha kuingiza gigahezi. Kama mota ndo zinazozima, kata umeme wake kwa rilei kabla ya kufyatua, uwashe tena baadaye.

Asubuhi vizuri, jioni vibaya

Foili unazopiga zinaenda wapi? Zinajipaka kwenye kioo cha parabola, kile kinachokusanya boriti kwenye foili. Piga picha ya kioo hicho kila wiki kwa taa ya pembeni na utaona ukungu unakua kutoka katikati. Weka glasi nyembamba ya kukikinga kama mpigo wako unaweza kuvumilia kupita kwenye glasi, kwa femtosekunde 30 inabidi iwe nyembamba mno. Cheki greti za kompresa pia, zinashika weusi wa kaboni taratibu kutokana na mvuke wa mafuta kwenye vakyumu, na dalili yake ni nishati baada ya kompresa kushuka wakati kabla ya kompresa haijabadilika. Mita mbili za nishati, moja kila upande, zikirekodi siku nzima, zitakuonyesha saa ngapi imeanza.

Kama zote mbili zimenyooka na protoni bado zinashuka jioni, rudi kwenye joto la chumba. Nyuzi mbili zinatosha kusogeza kimpigo au lango la Pockels, na pale ulipokuwa na kontrasti ya kukutosha asubuhi huna tena, kwa hiyo piga zile foili za unene tofauti saa kumi jioni, sio saa tatu asubuhi.